Boksi Hufunguliwa Mbele ya Mnunuzi

Kemilembe wa Kamuli ana kichwa kigumu, na anayedhani namsema vibaya hanijui. Kazi yake ni kuwaagizia watu bidhaa mtandaoni. Anachungulia bei za maduka ya Dar es Salaam kwenye simu, anaagiza, mzigo unashuka na basi Omurushaka, bodaboda inaumalizia hadi barazani kwake. Juu ya bei anaweka cha kwake. Hapo ndipo maneno yanapoanzia.

Dalali wa hewa, wanamwita. Siku hizi kila mwenye simu anaziona bei hizo hizo, sasa yeye anakula nini pale katikati? Kemilembe huwaacha waseme. Ila hapo barazani haondoki mtu na boksi lililofungwa. Kwao mwenyeji hakukaribishi rubisi, ile pombe ya ndizi, kabla hajapiga funda la kwanza mbele yako, ujue ni salama. Basi na bidhaa anazijaribu vivyo hivyo, mwenyewe ukitazama.

Aliyechoshwa na mambo hayo ni Xaveri, shemeji yake, ndiye aliyetia mtaji. Msimu huu wa kupulizia kahawa dawa aliona wateja wanapungua. Jumamosi moja akaja kukaa barazani mwenyewe, maana mzee Melkiory alikuwa anafuata bomba la dawa la kubeba mgongoni. Melkiory ndiye kiongozi wa kikundi cha wakulima. Akiridhika, kikundi kizima kitaagiza hapo. Asiporidhika, Xaveri alishaapa, anatoa mtaji wake na biashara ife.

"Shemeji, leo mpe mzee boksi lake aende," alisema.

"Nitalifungua."

Melkiory akafika, simu mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Bomba lako nimeliona humu, bei iko chini kuliko yako. Nieleze hicho cha juu ni cha nini."

Kemilembe akakata boksi, akajaza maji, akalibeba, akaanza kupampu. Maji yakamtiririka mgongoni mpaka kwenye kanga. Loo! Ningekuwa mimi ningeomba ardhi inimeze.

Xaveri akaruka wima. "Limelegea tu, mzee. Linakazwa."

"Halikazwi, limepasuka," Kemilembe alisema. "Mzee, hili si lako, ni langu. Nitagombana mimi na waliolituma, nauli ya kulirudisha ni yangu, na hutoi hata senti mpaka nikupe linalofanya kazi. Cha juu ndicho hicho. Ukitaka bei ya kwenye simu, agiza mwenyewe, na likivuja likuvujie wewe, tena likiwa na sumu."

Melkiory akaupapasa mpasuko kwa kidole. "Ya kikundi utayafungua yote?"

"Moja moja. Na mwenye nalo awepo."

"Utatufilisi," Xaveri alinong'ona. "Yakija mabovu mengi je?"

"Bora yaharibikie hapa kwangu kuliko migongoni mwa watu."

Mzee akaitia simu mfukoni. "Agiza ya kikundi," alisema. "Langu uanze nalo."

Kemilembe alilitua bomba, akamgeukia shemeji yake huku maji yakimdondoka miguuni. Alikuwa na hasira, na hakuificha.

"Haya, Xaveri. Mtaji wako unautoa, au hutoi?"

Xaveri akakaa.