Kaburi la Udongo

Mume wangu alikuwa akivunja mawe kwa kwari za Mlolongo tangu kabla hatujaoana. Jioni alirudi kwenye chumba chetu cha kupanga akiwa mweupe kuanzia nyusi hadi viatu, na binti yetu, ambaye hakuwa ameanza shule, alimngoja mlangoni na kitambaa chenye maji.

"Funga macho, Baba."

Alimpangusa kope taratibu. Baba mtu alitulia mpaka akamaliza, kisha akafungua jicho moja na kumuuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?" Mtoto alicheka kila siku.

Kikohozi kilikuja polepole. Hospitali ya kwanza ilisema ni kifua kikuu. Alimeza dawa zikaisha, akazidi kukonda. Daktari mwingine alitazama picha ya kifua, akamuuliza anafanya kazi gani. Alipojibu, daktari aliiweka picha chini. Alisema mapafu yamejaa vumbi la mawe.

"Nikiacha kazi litatoka?" mume wangu akauliza.

"Halitaongezeka. Lakini lile liko ndani limekaa."

Tukahamia nyumbani kwao Ndithini. Nililima peke yangu, naye akaketi kando ya shamba, hana nguvu hata ya kuinua jembe. Alilala ameketi. Akianza sentensi alipumzika katikati, na sisi tukajifunza kungoja. Mzaha uliisha kabla ya sauti. Nilipokuwa nikimwogesha nilihesabu mbavu zake kwa vidole bila kutaka, mwili ule ule ulioniinua nilipokuwa bibi harusi.

Asubuhi moja nikimpa uji aliniambia, "Mama, nikienda, msinijengee na mawe. Wala simiti. Mniwekee udongo tu."

"Usiongee hivyo."

"Naongea nikiwa bado niko na pumzi." Akapumzika. "Mambo ya mawe nimemaliza."

Alikufa adhuhuri, msimu wa kuvuna mbaazi, kichwa chake begani mwangu. Mlango na madirisha yalikuwa wazi, upepo unaingia, naye anatafuta hewa asiipate.

Siku ya mazishi wenzake wa kwari walifika na lori la mawe waliyoyachonga wenyewe, safi, yamenyooka. Walikuwa wameacha kazi ili waje. Kaka yake mkubwa alifurahi. Alikuwa ameshanunua simiti.

"Shemeji, alikataa kujengewa," nikamwambia.

"Alikuambia nani akisikia?"

"Aliniambia mimi."

"Mgonjwa husema mengi. Unataka ndugu yangu azikwe kama mtu hana watu?"

Waombolezaji walikuwa wananitazama. Nilienda nikasimama kando ya kaburi, nikasema halitajengwa. Nilisikia mtu akisema nina moyo mgumu. Binti yetu, sasa msichana mkubwa, akaja kunishika mkono. "Mimi pia nilimsikia Baba," akasema.

Hakuna aliyesogea. Kisha mzee mmoja kati ya wale wa kwari akataka kusema, akashikwa na kikohozi, akainama, akishika magoti. Nilikijua kikohozi kile. Wenzake walitazama chini mpaka kikapita.

"Mama amesema udongo," akasema alipopata sauti. "Leteni majembe."

Wakamfunika wao wenyewe. Lori likarudi na mawe yake, na shemeji yangu hajanisalimia tangu siku hiyo, hata tukikutana kanisani.

Mvua zikinyesha, kaburi huzama. Mimi na binti yangu hubeba udongo kwa karai, tukalijaza tena na kulisawazisha. Mara ya mwisho nilimwona ameinama, anapangusa majani makavu kwa kiganja, taratibu, nikamwacha nikaenda kuteka maji.