Ukuta wa Kulalia Mchana

Saa tisa alasiri. Jua limeegemea magharibi na halina haraka ya kwenda popote. Fundi Timazi amepiga magoti mbele ya vibanda vitatu alivyojenga, kila kimoja kikiishia kiunoni mwa mtu mzima. Anaingiza mkono katika cha kwanza, anatoa kisahani. Donge la mafuta ya kupikia aliloliweka asubuhi limegeuka mchuzi.

"Saa mbili lilikuwa gumu kama jiwe," anasema. "Sasa mlaze binadamu humo."

"Fundi, tulikuita ujenge nyumba," anadakia dereva wa lori aliyesimama kando, mikono mifukoni. "Mradi wa kuku umeanza lini?"

"Kuku angeshaandamana, bwana mkubwa. Wanaovumilia ni nyinyi."

Dada wa dereva anacheka hadi anashika mbavu. Yeye ndiye mwenye kiwanja, na ndiye binadamu anayezungumziwa. Ni nesi, mwaka wa tisa sasa akifanya zamu ya usiku. Mchana hulala katika chumba cha kupanga chenye kuta nyembamba za bloku, feni mbili zikimpulizia hewa ya moto. Umeme humla sehemu ya nane ya mshahara.

"Kuna usiku nilisinzia na bomba la sindano mkononi," anasema. "Mgonjwa ndiye aliyeniamsha. Ananiuliza, 'Sista, uko salama?' Nililia chooni."

Anataka nyumba itakayomlaza. Akiba yake inatosha nyumba moja, basi. Akikosea ukuta, amekosea usingizi wa maisha.

Fundi Timazi ana miaka thelathini na mmoja kazini na hasahau kitu. Anakumbuka safu ya nyumba za wafanyakazi aliyoijenga akiwa kijana. Mchoro ulitaka ukuta wa inchi tisa. Akaja mkubwa mmoja, viatu havina hata chembe ya vumbi, akasema sita zinatosha.

"Nikamuuliza, zinamtosha nani? Nikasimamishwa wiki mbili."

Ofisi ya mkubwa huyo ilikuwa na kipoza hewa. Ndivyo ilivyo hadi leo: anayepunguza unene wa ukuta si yeye atakayeuegemea, na joto limekuwa kama haki ya urithi ya mtu wa mshahara mdogo.

Chuo hakukiona. Alijisomea kwa kiganja: miaka nenda rudi amezirudia nyumba alizojenga, akagusa kuta zake saa sita, saa tisa na usiku, akaandika katika daftari la shule. Vibanda hivi vimetoka humo. Cha kwanza ni cha bloku za inchi sita zenye matundu. Cha pili, tofali za kuchoma. Cha tatu ni cha udongo uliotiwa saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono, unene inchi kumi na mbili. Vyote vimefunikwa kwa vipande vya godoro moja kuukuu, ili ukuta usisingiziwe joto la paa.

Katika kibanda cha pili, mafuta yamelegea pembeni. Katika cha tatu, kidole cha nesi hakizami.

"Udongo?" kaka yake anaguna. "Watu watasema mshahara wote ule umeishia kwenye kichuguu."

"Hao watu watanishikia zamu?"

Dereva anajikuna kisogo, kisha anauliza kwa sauti nyingine. "Haya. Lakini ukuta mnene ukishashiba joto, si litautoka usiku? Nyumba itakuwa tanuri."

Fundi anasimama, anakung'uta magoti, uso umemchangamka.

"Sasa umeuliza swali la mwanamume mwenye akili. Ukuta huu haulifukuzi joto, unalichelewesha. Linaingia chumbani kama saa mbili usiku. Dada yako anakuwa wapi saa mbili usiku?"

Dereva anamtupia dada yake jicho.

"Kazini," anajibu.

"Basi liingie, likute kitanda kitupu. Madirisha ya juu yatalitoa kabla hajarudi."

Anawaeleza kwamba si lazima nyumba nzima iwe hivyo. Kuta za chumba cha kulala zitakuwa nene, upande wa magharibi kwanza. Kwingine tofali za kuchoma, na paa litokeze mita moja kuutilia ukuta kivuli. Nesi bado ameuacha mkono wake ndani ya kibanda cha tatu, kama mtu aliyetumbukiza miguu mtoni.

"Anza Jumatatu," anasema.

"Udongo nitaubeba mimi," kaka yake anaongeza. "Ila lipu ing'ae, tafadhali. Nina majirani."

Fundi Timazi anakadiria miezi minne. Funguo akishazikabidhi, atampa nesi mwezi mmoja azoee, kisha anayo ziara aliyokwisha kuipanga.

"Nitakuja saa nane mchana, jua likiwa kali," anasema. "Nitabisha hodi mara tatu. Natumaini sitajibiwa."