Vyoo vya Wageni

Wanafunzi wake wa zamani walimwita Mama Maabara, kwa sababu alifundisha kemia mpaka akastaafu. Alikuwa msichana wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo kikuu, na uzeeni nguvu zake zote alizitia kwenye chama cha wanawake wasomi. Chama hicho kiliijengea shule moja vyoo vya wasichana, maana wengi wao walikuwa wakikosa masomo kila wanapokuwa hedhini.

Siku ya ukaguzi yeye na wanachama wenzake walivikuta vinang'aa, vimetiwa kufuli.

"Hivi tumewawekea wageni," alisema mwalimu mkuu huku akitabasamu. "Wasichana wataviharibu."

"Wao wanakwenda wapi?" Mama Maabara aliuliza.

Mwalimu mkuu alionyesha kwa kidevu kibanda cha nyuma. Mama Maabara akaingia. Funza walitambaa mpaka mlangoni na mkojo ulituama sakafuni. Pua yake ilizoea kila gesi ya maabara, lakini hii ilimshinda. Alitoka akitema mate.

"Dada, usimwaibishe mwenyeji," mwenyekiti wa chama alimnong'oneza. "Tupige picha, twende zetu."

Maneno hayo yalimtia kinyaa kuliko wale funza.

"Piga wewe! Mimi sibanduki hapa mpaka mlango ufunguliwe."

Akaketi kizingitini mwa vyoo vipya. Mwalimu mkuu alisonya, akanung'unika, mwishowe akatoa ufunguo mfukoni. Wasichana walisogea wakisitasita. Mmoja alivua viatu kwanza, kana kwamba anaingia sebuleni kwa watu. Mwenyekiti aliwaita tena wenzake wapige picha, na Mama Maabara akampa mgongo.