Mayai ya Nélida

Sisi tuliosoma sheria pamoja hapa Tucumán, Argentina, hukutana kila mwaka, tukinywa mate, chai yetu ya majani machungu, na kubishana. Safari hii tulikaa nje ya chumba cha mtihani, maana mwenzetu Nélida alikuwa ndani. Aliacha chuo akibakiza mtihani mmoja tu, mama yake alipopooza. Akamuuguza, akalea wadogo zake, akauza empanada, sambusa zetu za nyama, kwenye lango la chuo hiki hiki. Sasa kichwa kizima mvi, na alishatuapia kwamba akianguka leo harudi tena.

"Picha ya darasa letu itakayotundikwa ukutani hapa chuoni iwe yangu," akasema Evaristo, jaji mstaafu. "Darasa letu limetoa nani mwingine wa maana?"

"Jaji wa kusinzia mahakamani!" nikamrukia. "Sheria ya Kirumi nani alikukaririsha? Si Nélida, huku anakanda unga?"

Akageukia mlango wa chumba cha mtihani.

"Jamani, mmeleta mayai?" akauliza Graciela. Hapa kwetu anayefaulu mtihani wa mwisho hupigwa mayai na unga hadi mamake asimtambue, ndiyo maana watu huja na nguo kuukuu.

"Mtu mzima yule!" Evaristo akang'aka. "Kaja na koti lake la harusi, hamkuona? Nimemletea maua."

Koti hilo ndilo lililonitia hofu. Anayetarajia kupigwa mayai havai nguo nzuri; nikajua hata yeye hajiamini.

Mlango ukafunguka. Nélida akatoka, kakunja uso.

"Nimefaulu," akasema.

Tulipiga yowe! Evaristo akamkabidhi maua, naye akayatazama kwa hasira.

"Haya ya nini? Nimekufa? Mayai yangu yako wapi?"

"Lakini dada, kwa umri huu..."

"Umri gani, we mzee! Miaka yote nimesimama langoni nikiwatazama watoto wa watu wakichafuliwa, natamani mpaka nalia. Leo uniletee maua?"

Akavua koti. Ndani, gauni la jikoni, limechanika kwapani. Akaninyang'anya kapu alilonipa nimshikie, ambalo nilidhani lina empanada. Kumbe mayai na unga!

"Nilijua nyinyi waoga. Haya, mheshimiwa jaji, anza."

Evaristo, machozi yakimtiririka, akalivunja la kwanza utosini mwa Nélida. Mimi nikammwagia unga wote. Wanafunzi wakaja mbio wakiimba, na Nélida akacheka, wallahi, sijapata kumsikia akicheka vile.

Picha iliyopo ukutani leo ni ya mtu aliyejaa unga mpaka kwenye kope. Wageni wakiuliza ni nani, Evaristo huwahi kujibu kabla yetu: "Huyo ni wakili Nélida. Nilisoma naye."