Cyril Huband Hasimami Mvuani

Hapa kwetu Ledbury, mji mdogo wa Uingereza, miaka ya sitini, muuza nyama Cyril Huband alikuwa na gari la kijani lililo wazi juu, la watu wawili tu, tena wawili wanaopatana. Paa la turubai lilikuwamo nyuma ya viti, limekunjwa. Cyril alisema mwanamume wa kulifunga njiani heri apande basi. Dawa yake ya mvua ilikuwa mwendo: ukikimbia, upepo unairusha juu ya vichwa, ukisimama, umekwisha. Basi siku za mvua hasimami. Soseji za wateja alizitupa akipita, na mbwa wa kasisi akanenepa.

Miaka ikayoyoma hana mke. Wanawake aliowapakia walishuka nywele timutimu, wakaolewa na wenye magari ya paa. Kisha akampenda dada yangu Enid, mjane, mpishi wa shule, mbishi kupindukia. Akapanga kumposa Jumapili kwenye mgahawa wa chai kule mlimani, akatuambia mji mzima isipokuwa Enid. Nilimwonya dada yangu atapata kichomi, akanicheka.

Wanaukaribia mgahawa, mvua ikamwagika. Cyril akaupita. Wakazunguka mlima, wakaupita tena, na mhudumu akawapungia mkono. Mzunguko uliofuata akaona potelea mbali, akaposa huku anaendesha, kwa kupiga kelele.

"Enid, nikuoe?"

"Ukohoe? Kohoa tu, nani kakukataza?"

Akarudia. Enid akampa peremende ya kifua. Akarudia hadi sauti ikamkauka, naye akaambiwa, unaona, si nilisema una kikohozi.

Hapo Cyril akakanyaga breki, katikati ya barabara, ng'ombe wakiwatazama. Mvua ikawashukia yote. Viti vikajaa maji.

"Enid," alisema taratibu, maji yakimchuruzika puani, "naomba nikuoe."

"Nilikusikia tangu mwanzo, bwana wee. Nilitaka nijue kama kuna mtu unayeweza kusimama kwa ajili yake."

"Sasa unasemaje?"

"Nasema ndiyo. Tena usiondoe gari kwanza, nikuangalie."

Walifika kwangu wamelowa chapachapa, wanacheka kama walevi. Mimi niliyemsema yule mwanamume miaka yote nilimwanikia suruali yake mbele ya moto, nikalia kwa furaha.