Kwenda Lyulilo kwa Baiskeli Kabla ya Kikao

Niliondoka kwa hasira, nisidanganye mtu. Wifi yangu Tupo alikuja nyumbani kwetu Ipyana, akakaa kwenye kigoda changu, akanywa chai yangu, halafu akaniambia Jumapili baada ya ibada ukoo utakaa kikao na baiskeli yangu itachukuliwa.

"Unamwaibisha baba," alisema.

Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtu haonani uso kwa uso na baba mkwe wake. Ukimwona anakuja unaacha njia, unaingia shambani, unampa mgongo mpaka apite. Nimekuwa nikifanya hivyo tangu niolewe na sijawahi kulalamika. Lakini Tupo alisema mtu wa baiskeli hafichiki, anatokea ghafla kwenye kona, mzee anashtukia mkwewe yuko mbele yake. Nikampigia mume wangu, anafanya kazi Mbeya. Akasema, "Malizaneni wenyewe huko." Haya! Baiskeli ile ndiyo inayobeba kakao yangu mpaka kwa wanunuzi. Ndiyo inayonifikisha shamba la mpunga kabla jua halijachoma. Wakiichukua, mzigo wote unarudi kichwani pangu, na kichwa cha Tupo kitabaki na kilemba tu.

Nikasema, kama kosa langu ni kuonekana, basi nionekane na Kyela nzima. Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na Jumamosi ni siku ya soko la vyungu Lyulilo, kule ziwani. Nitakwenda, nitalala, nitarudi.

Asubuhi na mapema nilifunga mzigo kwenye keria kwa mpira wa tyubu: kitenge cha kujifunika, chandarua, pampu, ndizi za kuchoma na mchele wa zawadi. Nilivaa suruali ndani ya sketi. Nilipopita mbele ya nyumba ya Tupo alikuwa anafagia uwanja. Ufagio ukasimama.

"Unakwenda wapi na hicho kitu?"

"Ziwani!"

"Kwa baiskeli? Thubutu!"

Nikathubutu.

Hadi Makwale njia ilikuwa njema, mpunga huku na huku, kakao kwenye vivuli vya migomba. Wanawake waliokuwa wanapalilia waliinua migongo yao. "Mugonile!" nikawaamkia. Mmoja akauliza kama kuna mgonjwa. Nikamjibu hakuna, natembea tu. Wakacheka mpaka wakashika viuno, na mimi nikacheka nao, maana kweli nani kwetu anatembea tu?

Baada ya Makwale nikapata pancha. Vijana wa bodaboda wakasimama, wakaniambia, "Mama, tukupakie tukupeleke, hii si kazi yako." Nikawaambia kazi yangu wataiona sasa hivi. Nikageuza baiskeli miguu juu, nikatoa tyubu, nikaziba, nikajaza upepo. Jasho lilinitoka na mikono ikawa myeusi tii. Hawakuondoka mpaka nilipopanda.

Karibu na Matema mchanga ulinishinda, nikashuka nikasukuma. Milima ilikuwa imesimama juu ya ziwa karibu kabisa, na maji yalikuwa yametulia. Mapaja yalikuwa yanawaka moto. Lakini nilikuwa nimefika, na niliona fahari mpaka kooni.

Lyulilo nilipokelewa na Mama Yusta, Mkisi, mfinyanzi niliyezoea kununua vyungu vyake. Akaitazama baiskeli, akanitazama na mimi. "Umekimbia mume?"

"Nimekimbia wifi."

Tulipika mchele wangu na usipa wake, wale dagaa wa ziwani. Wakati wa kula nikamsimulia kisa chote. Akachambua usipa polepole, kisha akauliza, "Huyo mzee mwenyewe amekuambia ameaibika?"

"Atasemaje na mimi? Hatusemeshani."

"Amemwambia mume wako?"

"Hapana."

"Basi nani kasema?"

"Wifi."

"Ohoo," akasema, akaendelea kula. Nilikasirika upya. Miaka yote hiyo najificha vichakani, na sijui hata sauti ya mtu ninayemfichia ikoje.

Jumamosi mitumbwi ilikuja na vyungu vimepangwa kimoja juu ya kingine. Nikachagua kikubwa cha kupikia, chenye mdomo mpana. Mama Yusta akakizungushia majani makavu ya migomba, tukakifunga kwenye keria. "Usianguke nacho," akaniambia. "Na usiruke chini ovyo." Nikamshukuru, "Ndaga, mama," nikaondoka.

Kurudi ni kazi kuliko kwenda. Nilikwenda taratibu, kila shimo nalipigia hesabu, kila ng'ombe namwomba radhi. Jua lilikuwa linapungua nilipoingia Ipyana, na nikaanza kuimba.

Halafu kwenye kona ya mashamba ya kakao nikamwona. Baba mkwe, na fimbo yake na panga begani, anakuja upande wangu.

Mguu ulianza kushuka wenyewe kwa mazoea. Nikafikiria mtaro, nikafikiria chungu vipande vipande, nikamfikiria Tupo akisimulia kanisani. Nikaurudisha mguu kwenye pedeli. Leo sishuki! Kama ni kuchukuliwa, baiskeli ichukuliwe nikiwa juu yake. Nikainamisha uso tu, kwa heshima, nikakanyaga.

Mzee akasimama. Kisha yeye, baba yake mume wangu, akaacha njia. Akaingia kwenye kakao, akanipa mgongo, akashika tawi, akaanza kuusemesha mti kwa sauti kubwa.

"Wewe mkakao! Mwambie huyo anayepita asishuke, atavunja chungu. Na umwambie baiskeli yake haina mlio, mimi ni mzee, nachelewa kugeuka. Afunge kengele. Nikiisikia nitampisha."

Sikuruhusiwa kumjibu, na machozi yalikuwa yameshanijaa. Nikapita.

Jumapili kikao hakikukaa. Nilisikia mzee aliwauliza wameitana kwa jambo gani, wakatawanyika mmoja mmoja. Nilichojifunza safari ile ni kwamba yapo makatazo tunayoyabeba kwa jina la mtu ambaye hakuyatoa, na ukitaka kuyajua, endelea kukanyaga pedeli.

Kengele nimefunga. Nikikaribia kona ya kakao napiga mara moja, mzee anageuka, napita. Nikifika kwa wifi Tupo napiga kuanzia mwanzo wa uzio wake mpaka mwisho.