Mama Mabwawa na Barua ya Kanda ya Tatu

Watu wa mtamboni walimwita Mama Mabwawa, naye hakulikataa jina hilo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akisafisha majitaka ya mji mzima. Aliweza kusimama ukingoni mwa bwawa, avute pumzi moja, akwambie kama vijidudu vinavyokula uchafu vimeshiba au vina njaa kabla maabara haijafunguliwa. Mumewe, fundi cherehani, alizoea kumtania kwamba ameoa mwanamke anayenukia mshahara.

"Ingekuwa mshahara, usingesikia harufu yoyote," naye humjibu.

Yeye ndiye aliyemwingiza kazini shemeji yake, mdogo wa mumewe, wakati huo hana mbele wala nyuma. Alimfundisha kusoma mita, kufungua koki zenye kutu, na kutambua tope zima na tope bovu. Shemeji akaiva, akahamishiwa mji mkuu, kwenye mtambo wenye mabwawa yale yale na uvundo ule ule. Huko akalipwa milioni moja na laki mbili. Mama Mabwawa alikuwa akipokea laki nne na nusu.

Hakumwonea kijicho. Alisema mji mkuu ni ghali, na kila mtu na riziki yake. Kilichomchoma kilikuja miaka sita baadaye, shemeji aliporudi akiwa meneja wa mtambo, na mshahara wake wa kule akaja nao bila kupunguzwa senti. Mama Mabwawa akaandika barua ya kuomba nyongeza. Alieleza kwamba kodi ya nyumba imepanda, na kwamba sabuni, sukari na mafuta huuzwa bei kubwa kuliko mji mkuu kwa kuwa vyote huletwa kwa lori kutoka huko huko.

Jibu lilikuja baada ya siku nne, limesainiwa na shemeji. Mtambo huu uko kanda ya tatu ya mishahara, ambako maisha ni nafuu. Mstari wa mwisho ulisema: "Mwendesha mtambo wa daraja lako anakumbushwa kufuata maelekezo, si kutoa ushauri."

Akamfuata ofisini.

"Shemeji, hayo maisha nafuu ni ya nani? Mimi na wewe tunanunua duka moja."

"Hapa kazini mimi ni meneja," alisema bila kuinua uso. "Na kanda sikuzipanga mimi."

"Wewe mwenyewe wamekuweka kanda gani?"

Meneja akachukua simu akajifanya anapiga. Mama Mabwawa akatoka. Akaikunja ile barua, akaitia mfuko wa ovaroli, na tangu siku hiyo akaamua kuwa mtiifu.

Mwezi uliofuata meneja akatoa agizo: tope lisitolewe bwawani kwa miezi miwili, ili kubana mafuta ya lori linalolibeba. Anayeijua kazi hii anajua kwamba tope likizeeka bwawani huleta povu. Zamani Mama Mabwawa angefungua koki kimyakimya, amwokoe mtu na ujinga wake. Safari hii aliandika kwenye daftari la zamu: "Tope linazeeka. Nasubiri maelekezo." Akalipeleka lisainiwe. Meneja akasaini bila kusoma. Akaandika tena wiki ya tatu, na tena wiki ya tano, na mara zote saini ikatua pale pale.

Povu lilianza pembeni, la kahawia, zito kama unga uliokandwa. Likapanda hadi kwenye njia wanayopita wafanyakazi. Mama Mabwawa aliketi na chai yake akiliangalia, na kila lilipopanda shibiri moja roho yake ilizidi kutulia. Nyumbani alipika akiimba, hata mumewe akauliza kama wamemwongeza mshahara.

Siku mbili kabla wakaguzi wa wizara hawajafika, meneja alikuja mbio na viatu vyake vya ngozi, povu likimfika kwenye vifundo.

"Shemeji, tufanyeje?"

Mama Mabwawa akaitoa barua mfukoni, akaikunjua polepole. "Mwendesha mtambo wa daraja langu hatoi ushauri, bwana meneja."

"Nakuomba, kama ndugu."

"Hapa kazini wewe ni meneja."

Kitu kimoja tu alikifanya, na kilikuwemo kwenye orodha ya kazi zake: aliligeuza lango, maji machafu yakaingia bwawa la dharura badala ya mtoni. Mto haukuwa umemkosea, wala wanawake wanaochota maji huko chini.

Wakaguzi walipofika walidai daftari. Mkuu wao, mama mmoja wa makamo, alizisoma zile taarifa tatu na saini zake.

"Ulijua?"

"Nilijua, nikaandika. Kusema nilikatazwa." Akampa barua.

Yule mama akaisoma mara mbili, kisha akamwomba meneja abaki naye chumbani.

Meneja alirudishwa mji mkuu akawa msaidizi wa stoo. Hata hivyo, huko kanda ya kwanza, msaidizi wa stoo hulipwa laki tisa. Mama Mabwawa aliposikia alicheka kicheko kisicho na furaha. Kutoka huko huko akaletwa mtaalamu wa kuondoa povu, na posho yake ya siku kumi ilizidi mshahara wa Mama Mabwawa wa mwezi. Mtaalamu akamwuliza Mama Mabwawa aanzie wapi. "Maelekezo yako ofisini," akamjibu.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Mama mkwe aliacha kuitikia salamu zake.

"Umemmaliza mdogo wangu," mumewe alimwambia.

"Nimemtii mdogo wako."

Baada ya miezi mitatu Mama Mabwawa alipata kazi kwenye kiwanda cha ngozi chenye bwawa lake, kwa laki nane. Mtambo ulipoharibika tena, meneja mpya alimtumia watu mara mbili. Akawaambia atarudi kwa mshahara wa kanda ya kwanza. Wakasema haiwezekani, kanuni haziruhusu. Akawasindikiza hadi mlangoni kwa heshima zote. Watu husema kisasi hakidumu na utamu wake. Chake kilikuwa na mwaka sasa, na bado alikuwa akikifurahia.